Paa Lililogoma Kukauka

Mume wangu ni mbishi, na mimi mdomo sina breki. Enzi zile za ruksa, biashara zilipofunguliwa na magari ya watalii yalipoanza kufurika Arusha, tulikodi banda Sokon I tukawa tunatengeneza vitu vya faiba, ile plastiki ngumu ya nyuzi za kioo. Kazi yetu ya kwanza ya maana ilikuwa paa la gari la safari. Baba yangu, Mchaga wa biashara asiyependa mchezo, alishatamka: kazi hii ikiharibika, tunarudi Moshi kusimama nyuma ya kaunta ya duka lake. Mimi nilikuwa tayari kulima mawe kuliko hiyo kaunta.

Ilikuwa Julai, Mlima Meru hauonekani kwa mawingu na baridi inauma. Tulitandika kitambaa cha faiba, tukakipaka epoksi, gundi ngeni kwetu. Asubuhi nikagusa, kidole kikanata. Kesho yake vilevile, ulimbo mtupu. Nikamuuliza mume wangu amechanganyaje. Akajibu kifua mbele kwamba kwa sababu ya baridi ameongeza dawa ya kukazia, kama tulivyozoea kwa gundi ya zamani. Nilichoka. Ile ya zamani ilivumilia matone ya ziada. Hii, kopo lenyewe linasema vikombe viwili vya gundi kwa kimoja cha dawa. Ukizidisha dawa, haikazi ng'o.

"Hiyo si pilipili, mume wangu, kwamba ukizidisha ndiyo inakolea."

Tulikwangua yote na kufuta kwa thina, tumenuniana. Tukatandika kitambaa upya, na safari hii nikapima mwenyewe. Na baridi je? Nikakumbuka nyumbani tunavyoivisha ndizi za mbege, pombe yetu ya Kichaga, darini juu ya jiko, zimefunikwa, joto la taratibu. Thina nikaitoa nje isije ikashika moto, nikapasha banda joto kwa mkaa, dirisha wazi, paa nikalifunika mablanketi, hata letu la kitandani. Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini, eti napika paa.

Jumapili, baada ya ibada, Baba akafika na pikapu tupu na kamba. Alishasikia paa limegoma, akaja kubeba kitanda chetu aturudishe Moshi. Tukamwamkia, akaitikia huku anafunua blanketi. Akaligonga paa kwa ngumi, likalia kavu. Akapapasa kote akitafuta panaponata, akakosa.

"Kitanda kiacheni," akasema, akikunja mikono ya shati lake la kanisani. "Mkwe, shika huko, tulipeleke kwa mwenyewe."

Nilipiga kigelegele, majirani wakatoka kuuliza nani anaolewa.