Pima Kumi Kila Upande

Watu waliokuja kupiga foni, ile redio ya kuitana, pale misheni mjini Baraka, walidhani sauti inakaa ndani ya sanduku. Walilisalimia sanduku kwa heshima, wakavua kofia. Mimi niliyelitunza miaka minne nilijua kwamba bila waya ule mrefu uliotundikwa nje, foni ya masafa haina faida zaidi ya kiti. Unaweza kusikia dunia nzima na dunia isikusikie.

Fundi aliyenifundisha kazi, mtu mrefu aliyeinama kwenye kila mlango, alinikaririsha kanuni moja: pima kumi kila upande, na katikati kebo inayoshuka kwenye foni. Pima ni ile ya wavuvi, mikono ikinyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Lakini sikuwahi kukata waya mwenyewe. Niliukuta umekwisha kutundikwa. Kazi yangu ilikuwa kukaza kamba, kusugua kutu, na kugombana na wanawake walioanika nguo juu yake.

Vita vilipofika, askari walitangaza kwamba mwenye foni ni mpelelezi, na sote tulijua mpelelezi anafanywa nini. Nikaifungua foni, nikaificha ndani ya gunia la mihogo pamoja na batri ya gari, nikapanda kwenye shamba letu la mlimani, juu ya njia ya kwenda Fizi. Waya niliuacha ukining'inia. Kuushusha mbele ya macho ya askari kungekuwa kujichongea jeneza.

Shambani nilimkuta mama mkwe wangu. Alikuwa ametoka rasi ya Ubwari, kule ziwani, kuuza samaki, njia ikafungwa nyuma yake. Mke wangu na watoto wetu wawili walikuwa wamebaki kwake Ubwari: mkubwa wa miaka sita, na mdogo aliyekuwa bado mgongoni. Mvuvi mmoja akatuletea habari kwamba wote watatu wamepanda mtumbwi wa kwenda Kigoma, na kwamba siku ile ziwa lilikuwa limechafuka. Zaidi ya hapo hakujua kitu.

Mimi na mke wangu tulikuwa na mapatano. Vita vikitutenganisha, aende Kigoma kwa rafiki wa fundi mwenye foni, na kila asubuhi saa kumi na mbili aniite. Kwa hiyo palikuwa na jambo moja tu nililotaka kujua duniani: wamefika, au hawakufika?

Nilikata waya mpya kutoka kwenye koili ya zamani iliyokuwa kibandani. Nikapima kumi huku, kumi kule, kebo katikati, nikafunga ncha kwa vipande vya bidoni, dumu la plastiki, ili umeme usikimbilie mtini, nikapanda michikichi miwili na kuutundika. Asubuhi nikawasha. Sauti ya yule bwana wa Kigoma, aliyeita vituo vyote kila asubuhi, ikaja wazi kabisa: "Jembe, Jembe, uko hewani?" Jembe lilikuwa jina la kituo chetu. Nikabonyeza kitufe nikajibu. Mshale wa foni, unaoonyesha nguvu ya sauti inayotoka, ulitikisika kidogo ukalala, na sanduku likapata moto.

"Jembe, Jembe. Hakuna jibu." Akafunga.

Ilikuwa hivyo asubuhi tatu. Kuitwa na mtu unayemsikia, ukapiga kelele mpaka mate yakauke, naye akasema hakuna jibu! Nilikasirika nikaupiga teke mchikichi. Batri ilikuwa inapungua, na askari walikuwa wameanza kuonekana kwenye njia ya chini. Nilifungua kebo mara mbili, nikasugua kila fundo. Nilimlaumu panya, nikalaumu umande.

Kwetu mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni, hawagusani, na neno lao hupitia kwa mtu wa tatu. Pale mlimani mtu wa tatu hakuwepo. Alikuwepo mbuzi. Asubuhi ya tatu, mama mkwe akamgeukia mbuzi.

"We mbuzi, uliza huyu bwana: ile pima ni ya nani?"

"Pima ni pima," nikamjibu mbuzi, kwa ukali.

"Mwambie, mi niko mwenye nyavu. Kwetu, batu banapigana juu ya ile. Muuzaji analeta muntu wa mikono mifupi, mununuzi analeta murefu. Huyu bwana, fundi wake alikuwa murefu ao mufupi?"

Mimi ni mfupi. Mke wangu alinitania kwa hilo tangu siku ya posa. Nilikaa chini palepale kwenye umande. Mficha uchi hazai, basi nikamwambia mbuzi kwamba mama amesema kweli: kwa mikono yangu, kila upande ulikuwa umepungua zaidi ya pima moja.

Tukaushusha waya mchana huo. Mama mkwe alikuwa mrefu kama fundi, kwa hiyo yeye ndiye aliyepima, mimi nikishika ncha ya pili nikiwa nimempa mgongo. Tuliurefusha kwa waya wa spika mbovu, uliochunwa. Ilipofika zamu ya kupanda, alikwenda zake migombani, maana mkwe hapandi mti juu ya kichwa cha mama mkwe. Nikapanda mara mbili, nikiitazama zaidi njia ya chini kuliko nilivyotazama mafundo.

Kesho yake, saa kumi na mbili, nikabonyeza. Mshale ukainuka ukasimama wima.

"Jembe! Nakusikia! Ngoja, mke wako iko hapa tangu juzi."

Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma ya ukuta wa kibanda, akisikia kila kitu. Kisha sauti ya mke wangu ikatoka, nyembamba, ikipanda na kushuka.

"Baba ya batoto. Tulifika babili. Mukubwa alibaki mu maji. Unanisikia? Jibu."

Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe. Hakikushuka.

"Unanisikia?" Nikamsikia akimwambia yule bwana, "Hasikie." Naye akamjibu kwamba labda antena ya kule ni mbovu, arudie.

Mimi ndiye niliyemfundisha mke wangu kupiga foni. Nilimwambia: usipojibiwa, usilie, usikimbie, rudia polepole, neno kwa neno, mpaka mwenzako apokee. Akarudia.

"Mukubwa. Alibaki. Mu maji."

Akavuta pumzi, akaanza upya, kwa sauti kubwa zaidi: "Mukubwa…"

Ndipo nikabonyeza. "Nimesikia," nikamwambia. "Usirudie tena. Nilisikia tangu mara ya kwanza."