Miche Iliyochapwa Ufito

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu, mwanangu, nilipomkuta shangazi yangu, Mama Hiza, akiichapa miche ya kijiji. Alikuwa akipitisha ufito mrefu juu ya tuta zima, mikaratusi michanga inainamia kulia, kisha anairudisha kushoto. "Amkeni, wavivu!" aliiambia. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, nimerudi Lushoto kungoja kupangiwa kazi, nina elimu ya mimea na majibu ya maswali ambayo hakuna aliyeniuliza.

"Shangazi, unaharibu mali ya umma!" nilipaza sauti.

"Marahaba," akajibu, ingawa sikuwa nimemwamkia.

Nikaona aibu, nikaigeuza hasira. Wasomi tuna ufundi huo. Zama zile za Ujamaa kitalu kilikuwa cha kijiji kizima, na miche ile ingepandwa juu kwenye kilima kilichobaki kipara, upande unaopigwa na upepo wa kipupwe. Shangazi ndiye aliyeitunza. Mgongo wake ulikuwa umechoka kwa miaka ya kuchuma chai Bulwa; akiondolewa kitaluni angepelekwa kulima shamba la pamoja kwenye mteremko, na asingemaliza wiki. Nililijua hilo. Hata hivyo, kwenye mkutano wa kijiji nilisimama nikasema anafanya hujuma. Siku zile neno hilo halikuwa la mzaha.

Mwenyekiti akakuna kidevu. "Mama Hiza, kijana wetu amesoma. Acha huo ufito."

"Siachi."

"Mama Hiza!"

"Siachi, mwenyekiti. Mgawieni nusu ya matuta ailee kisomi. Kipupwe kikija twende wote tukaitazame. Yangu ikilala, nipeni jembe."

"Na ya msomi ikilala?" mtu akauliza kutoka nyuma. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote.

Niliilea kweli. Kila mche niliufunga kwenye kijiti cha mwanzi kwa uzi wa katani, nikayazungushia matuta yangu ua wa nyasi kuzuia upepo. Ikarefuka ajabu. Ya shangazi ikabaki mifupi, minene, yenye sura ya watu waliozoea ugomvi. Mvua za masika zilipokuja tuliihamishia kilimani, nami nikafungua nyuzi zangu kwa madaha, kama mtu anayezindua daraja.

Kipupwe kikaja. Asubuhi tulipopanda kwenda kutazama, mingi ya kwangu ilikuwa imelala kifudifudi, mingine imekatika kiunoni. Ya shangazi ilikuwa inatikisika, imesimama. Hakuna aliyenicheka, na hilo liliniuma zaidi.

Jioni nikamfuata jikoni kwake. "Shangazi, nisamehe."

Aliendelea kupepeta maharage. "Uliniita mhujumu wapi? Hapa jikoni?"

"Mkutanoni."

"Basi njia ya mkutanoni unaijua."

Nilikwenda, mwanangu. Nikasema mbele ya kijiji kwamba Mama Hiza hakufanya hujuma, kwamba nilisema nisichokijua huku nikijua kitakachompata. Mwenyekiti akamwambia katibu aandike hivyo hivyo. Shangazi akabaki na kitalu chake.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwa nini. Seli, zile chembe hai ndogo zinazojenga mwili wa kila kiumbe, huhisi zinapovutwa. Kwenye utando wa seli mna vijilango. Shina likipindwa utando unakazwa, vijilango vinafunguka, kalsiamu inaingia, na habari inafika ndani kabisa kwamba tunasukumwa. Seli za mche hazina pa kukimbilia. Kwa hiyo mche hupunguza kurefuka, ukaongeza unene. Hata mfupa wako hujiimarisha ukibeba mzigo, na hudhoofu ukilazwa muda mrefu. Shangazi hakulijua neno kalsiamu. Alikuwa ameona tu, alipokuwa akienda Shume kuokota kuni, kwamba miti ya ukingoni mwa msitu, inayopigwa na upepo, ina mashina manene kuliko ya katikati.

Basi nakuusia hivi. Sikwambii umshukuru kila anayekusukuma. Mche haumshukuru upepo, unaujibu. Watakuja watu wenye vyeti, kama nilivyokuja mimi, wakuamuru uache jambo ambalo mikono yako imelithibitisha. Waambie huachi, na uwakaribishe mpime wote. Ukatae kufungwa kijiti usichokihitaji, hata kama aliyekifunga anakupenda. Na siku mwenye vyeti ukiwa wewe, ukamvunjia mtu heshima mbele ya watu, mrudishie mbele ya watu hao hao, hata kama yeye hajadai.

Mungu akupe afya, mwanangu, akupe na watu wa kukubishia kwa haki, akuzeeshe mpaka wajukuu wachoke kukusikiliza na bado wakae.