Gololi Kinywani mwa Simba

Jina la mume wangu sitalitaja. Kwetu mke hataji jina la mumewe, na mimi nikimkasirikia ninayo mengine ya kumwita, tena mengi. Mwiteni Baba Ponni, kwa jina la binti yetu. Ni mchonga mawe, mwana wa mchonga mawe, na katika mtaa wetu wa wachongaji, chini ya mnara wa hekalu la kale, hakuna anayesema kama yeye. Akiamka anasema, akinywa kahawa anasema, hata patasi ikiwa mkononi mdomo haupumziki. Debe tupu haliachi kuvuma, nilikuwa nikimwambia, naye hunijibu, "Mama Ponni, debe hili limejaa."

Ukumbi wa hekalu letu umebebwa na nguzo za simba. Kila nguzo ni jiwe moja: simba mwenye pembe amesimama kwa miguu ya nyuma, kinywa wazi, na ndani ya kinywa mna gololi ya jiwe, kubwa kama ndimu. Ukipenyeza kidole kati ya meno utaizungusha, lakini kuitoa huwezi. Haikuingizwa na mtu. Imechongwa mle mle, patasi ikipita kwenye nafasi za meno, kutoka jiwe lile lile la simba, mpaka inabaki imeshikwa na kikonyo kidogo chini yake. Kikonyo hicho tunakiita kitovu. Siku ya kukata kitovu ndiyo siku watu wanapojua kama wewe ni mchongaji au mpasua kokoto tu.

Baba mkwe wangu hakukikata. Simba wake yupo, nguzo ya kona, mzuri ajabu, singa za shingo zimejipanga kama zimechanwa asubuhi. Ila gololi haizunguki. Aliogopa kuipasua, akasema kesho, kesho, mpaka siku ya maji ikamkuta. Siku hiyo makuhani hupanda juu ya mnara na kuumwagia maji matakatifu, na tangu tone la kwanza lidondoke, chuma hakigusi tena jiwe la hekalu mpaka matengenezo ya siku ya maji nyingine, miaka kumi na miwili baadaye. Yeye hakuiona hiyo nyingine. Watu wakamwita simba wake Jino Bovu, na nyumba yetu ikawa nyumba ya Jino Bovu. Nilipoletwa bibi harusi, maua kichwani mpaka shingo inauma, wanawake wa mtaa waliniuliza kama nimebeba karafuu za kumtuliza maumivu ya jino simba wa wakwe. Nilicheka ili nisilie.

Siku ya maji iliyofuata ilipokaribia, Baba Ponni alitaka kumalizia kazi ya baba yake. Mama mkwe alisimama mbele ya nguzo na ufagio mkononi.

"Ukiipasua, mimi nibaki na nini cha mume wangu?"

Mume wangu akaweka patasi chini. Jino Bovu akabaki vile vile.

Sasa safari hii, siku ya maji nyingine ikikaribia, nguzo moja ya ukumbini ilikuwa na ufa, ikabidi achongwe simba mpya. Baba Ponni alimwendea fundi mkuu, Mzee Nagalingam, kabla jua halijapanda.

"Mzee, hiyo kazi ni yangu. Niachie mimi!"

"Bwana Maneno," mzee akasema, "nikupe jiwe au nikupe kipaza sauti?"

Wachongaji wote walikufa kwa kicheko. Lakini jiwe alipewa, kwa sababu mikono yake, kusema kweli ya Mungu, ni mizuri. Jirani yetu Ekambaram, ambaye hulala vibaya akikosa mtu wa kumcheka, akatangaza mtaa mzima, "Jamani, wekeni karafuu! Jino Bovu anapata mdogo wake."

Mume wangu akaapa kumfunga mdomo. Alichonga miezi na miezi, akisema. Simba wake alimpa ulimi mnene uliojikunja nyuma ya gololi, mnene kupita kiasi. Nilimuuliza wa nini. "Wa Ekambaram," akanijibu. Kisha akakata kitovu, nami nikiwa palepale na chakula chake. Gololi ikaanguka chini ya kinywa, ikabingirika. Nilipiga vigelegele mpaka mbuzi wakatawanyika.

Angeiacha hapo! Lakini wapi. Kila siku alikuwa na mchanga na maji, anapenyeza kitambaa, anasugua. "Bado kidogo," anasema. "Nataka iwe laini kama siagi." Nilimwambia, ngoma ikivuma sana hupasuka. Hakusikia.

Siku ya kuikagua kazi, mtaa wote ulikuja. Mzee Nagalingam akatia kidole. Akaizungusha kulia, akaizungusha kushoto, uso ukaanza kukunjuka. Mara gololi ikateleza katikati ya meno, ikachomoka, ikamwangukia kwenye kidole gumba cha mguu. Mzee wa watu aliruka kwa mguu mmoja ukumbi mzima.

"Jino limeng'oka!" Ekambaram akapiga kelele.

Watu walicheka mpaka wakaketi chini. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

"Gololi inayotoka si gololi," mzee alisema, akikanda mguu wake. "Tukiirudisha, mtoto yeyote ataitoa. Siku ya maji imekaribia. Ikifika asubuhi hiyo na huyu simba hana kitu kinywani, nasimamisha nguzo ya kuchongwa maua badala yake, na habari imeisha."

Tulirudi nyumbani. Baba Ponni aliketi mbele ya wali wa ukwaju, chakula akipendacho, asile, asiseme. Mnajua, nimeomba kimya katika nyumba hii tangu nilipoolewa, na siku kimya kilipokuja kiliniogopesha. Mama mkwe alikuwa ameiokota ile gololi, anapondea vitunguu saumu kana kwamba hakuna lililotokea.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alisema.

Hapo hasira zikanipanda. "Si mwisho vipi, Mama? Jiwe alikuwa nalo tele! Badala ya kuliacha kwenye gololi, kaliacha kwenye ulimi! Ulimi mnene kama vitumbua vitatu vya idli, eti wa kumcheka Ekambaram!"

Baba Ponni akainua kichwa. Akaniangalia. Akatia kidole kinywani mwake mwenyewe, akaugusa ulimi wake, akaupima kwa kidole. Kisha akatoka mbio bila viatu.

Basi gololi ya pili aliitoa kwenye ulimi wa simba. Alichonga akiwa amejaza tambuu shavuni ili asishawishike kusema, na Ekambaram alimchokoza hadi akachoka mwenyewe. Mfuko wa mchanga wa kusugulia niliuchukua mimi, nikaukalia. Alipoutafuta nilimwambia, "Pita hapa kama unaweza."

Asubuhi ya maji, zumari zinalia na makuhani wameshaanza kupanda mnara na vyungu vya shaba, ndipo alipokikata kitovu. Gololi ikaanguka. Mzee Nagalingam kwanza alirudisha miguu nyuma, ndipo akatia kidole. Akaizungusha. Akaivuta. Ikakataa kutoka. Akaivuta tena, ikakataa, naye akaanza kucheka peke yake.

"Hebu niione mimi," Ekambaram akasema, akatumbukiza vidole viwili na kuvuta kwa nguvu zote. Gololi haikutoka, na vidole navyo havikutoka. Tukaleta samli kumnasua kwenye meno. Mke wake mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Karafuu ziko wapi, jamani?" Haki ya Mungu nilimpenda mwanamke yule kuanzia siku hiyo.

Kisha mama mkwe akasogea. Akatia kidole chake chembamba, akaizungusha polepole, kichwa amekiinamisha anasikiliza. Akainama, akaokota patasi na nyundo, akamshika mwanawe mkono na kumvuta hadi nguzo ya kona.

"Kata."

Juu, makuhani walikuwa wamefika kileleni. Baba Ponni alitema tambuu.

"Mama, nikiipasua je?"

"Nitakuwa na mbili za kupondea vitunguu saumu," alisema. "Kata, mwanangu. Amengoja sana."

Mume wangu akaipenyeza patasi kati ya meno. Akagonga mara moja, kidogo tu. Nikasikia jiwe linaangukia jiwe, kisha linabingirika, zima.

Mama mkwe akatia kidole kinywani mwa Jino Bovu. Machozi yalikuwa yanamtoka na anacheka. Tangu alipoolewa hajawahi kulitaja jina la mumewe, wala alipokufa hakulitaja, mimi mwenyewe nililijua kwa kuwasikia wengine. Akamsogelea simba sikioni.

"Vaithilingam," alimwambia. "Inazunguka."

Ndipo maji yakamwagwa.