Kengele ya Mtakatifu Ana

Mpiga kengele wa kanisa letu, hapa pwani ya Sri Lanka, ni bibi mfupi mwenye viganja vilivyosuguliwa na kamba hadi vikawa vigumu kama kifuu. Kabla ya kuivuta huvua ndala na kupangusa mikono kwenye sari. Asubuhi ya sikukuu ya Mtakatifu Ana, ofisa kijana wa polisi alimfuata mlangoni.

"Bibi, nchi hii ni ya Wabudha. Salini, lakini kengele iacheni leo."

"Mjukuu wangu, ngoma za hekaluni huniamsha kila mwezi mpevu, na sijamwomba mtawa azifunike kwa blanketi."

Akavua ndala, akavuta mpaka kunguru wakahama minazi. Ofisa akatoa daftari, akamwuliza jina.

"Andika mpiga kengele," alisema bila kuiachia kamba. "Ukija kunikamata, utanisikia nilipo."