Neno Asiloweza Kulitaja Gaudensia

Yoakimu Margwe alihamia Balangdalalu kutoka Masieda akiwa na bisibisi tatu na kichwa kigumu. Miaka ishirini alitengeneza redio, na kwake redio ilikuwa sanduku tu: umeme, antena, spika, basi. Mimi nilishona nguo kibanda cha pili, kwa hiyo kiburi chake nilikisikia kila siku.

Mkoa wa Manyara ulipokuwa bado mpya, magari yaliyotumika Japani yakaanza kutufikia, yana skrini zinazoongea Kijapani. Mzee Hhando aliuza ng'ombe akanunua moja. Asubuhi moja mwanawe Emanuel akaliegesha mbele ya kibanda.

"Fundi, linyamazishe. Mke wangu hapandi, na nesi amesema lazima afike hospitali leo. Mtoto amekaa vibaya tumboni."

Akaondoka haraka kumfuata baba yake malishoni. Baadaye kidogo mkewe, Gaudensia, akafika kwa miguu, mkono kiunoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mama. Gari lina kosa gani?"

"Linataja neno."

"Neno gani?"

"Lile."

"Lile lipi? Litaje nilitafute!"

"Siwezi kulitaja. Ndiyo maana sipandi."

Yoakimu akanitazama. Mimi nikatazama cherehani yangu.

Hakuwa mtu wa kuuliza mara mbili, akaing'oa skrini nzima. Akawasha gari. Sauti hakuna, lakini feni nayo ikagoma, na kamera ya nyuma ikafa. Akabaki ameshika skrini mikononi.

"Redio inazimaje feni?" akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyeliunda gari.

Akaingiza kichwa chini ya dashibodi. Alipotoka, alikuwa amepata nyaya mbili nyembamba zilizosokotwa pamoja. Feni, kamera, milango, vyote vilipeana habari humo, na skrini ilikuwa mojawapo. Hilo lilimchanganya kuliko Kijapani. Kumbe sanduku lina majirani! Nilimwonea huruma, ingawa si sana.

Akarudisha skrini, akafungua swichi. Mwanamke wa Kijapani akasema maneno yake kwa adabu, na katikati yake: "...hando bureki..."

Gaudensia akageuka, akajifunika uso kwa khanga.

Yoakimu akashusha hendibreki. Kimya. Akaivuta. Mwanamke akasema tena.

"Yoakimu!" nikapiga kelele. "Ni hendibreki! Wajapani wanaiita kwa jina la mkwe wake!"

Kwa Wabarbaig, mkamwana hataji jina la baba mkwe, wala neno linalofanana nalo. Na hapa mwanamke mwenzake, tena mgeni, analitamka kila safari, mzee mwenyewe amekaa mbele. Gaudensia alikuwa anaona aibu kweli kweli, na tumbo lilikuwa linamuuma.

"Skrini haiioni breki," Yoakimu alinung'unika. "Inaambiwa." Akainua kifuniko chini ya mkono wa breki, akachomoa waya mmoja kwenye swichi ndogo, akaufunga plasta. Akavuta breki. Kimya. Feni ikavuma, kamera ikaonyesha mbuzi wangu.

Gaudensia akapanda nyuma. Nilifurahi kama ni mwanangu.

Emanuel akarudi na Mzee Hhando, tukamwamkia. Mzee akakaa mbele, mwana akageuza ufunguo. Mzee akasubiri, sikio limeinama kwenye skrini. Akasubiri tena.

"Mbona leo haliniiti?"

Yoakimu akaificha bisibisi mfukoni.

"Pale Arusha yalikuwa magari mengi," mzee akasema. "Nilichukua hili kwa sababu lilinijua. Fundi, umelifanya nini?"

Yoakimu alikuwa na mikono miwili na hakujua aiweke wapi. Nyuma, Gaudensia akaguna kwa maumivu, akashika mlango kama anayetaka kushuka. Mzee akageuka. Akamtazama mkamwana wake, akatazama skrini, akaelewa.

"Emanuel, endesha," akasema. Kisha akatoa kichwa dirishani, akamnong'oneza Yoakimu:

"Akishashuka, ulichochomoa ukichomeke tena."