Shujaa Mchuma Uyoga

Juzi pale Manundu nilimwona mtoto akicheza gemu la kuzunguka porini kwenye kiwango kigumu, kile ambacho shujaa huona njaa. Nikakumbuka kibanda cha gemu cha utotoni mwangu, kilichonukia mihogo ya kukaanga, na sheria yake: shujaa wako akifa, unampa mwenzako pedi ya kuchezea. Mimi nilichuma uyoga, nikapika, nikarudi pangoni kulala. Nilidhani kushinda ni kuamka mzima. Kumbe kulikuwa na joka nililotakiwa kuliua.

“Kaka, umekuja kucheza au kulima?” foleni ilizomea. “Joka linakusubiri!”

“Lisubiri. Kwanza tule.”

Mwishowe mwenye kibanda akaniinamia. “Mwanangu, hebu kufa kidogo, wenzako nao wacheze.”

“Siwezi, mjomba. Baba na mama wameshakufa. Nikifa na mimi, nani atawapikia wadogo zangu?”