Maneno ya Baba Ndani ya Laptopu Kuukuu

Nilirudi kutoka Uingereza katikati ya miaka ya tisini nikiwa na diploma ya kompyuta niliyojilipia mwenyewe kwa kuosha sakafu za hospitali. Hakuna aliyenisaidia hata nauli. Nilirudi pia na laptopu, na nina hakika kwetu Tabaka, karibu na Kisii, watu hawakuwahi kuona nyingine kabla ya yangu.

Ilikuwa kuukuu. Niliipeleka kwa mzee wa Kihindi aliyeuza kompyuta mjini Kisii, akaifungua, akaifunga.

"Bwana, programu mpya ya kuzuia virusi haitaingia hapa. Nafasi haitoshi, na haiongezeki. Wewe ilinde kwa mikono. Disketi ya mtu mwingine isiingie. Na kazi yako itolee nakala, uiweke kando."

"Mimi nina diploma, mzee."

"Ndiyo, bwana. Lakini virusi haviulizi."

La kwanza nililishika. Huko Nyamira, nilikofundisha kompyuta, walimu wenzangu walikuja na disketi zao mifukoni nami nikawarudisha mlangoni. "Kwani laptopu yako imeokoka, haishiki mkono wa mtu?" walinitania. Imeokoka, niliwajibu. La pili nililidharau. Kwangu disketi ndizo zilizokuwa uchafu wenyewe, na mashine iliyofungwa vizuri haikuhitaji nakala.

Baba yangu alichimba mawe ya kuchonga tangu ujana. Aliniita "tata", yaani baba, kwa sababu nilirithi jina la baba yake. Jumapili moja aliniomba niandike jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Miaka mingi nyuma, shimo liliporomoka na kumfunika mwenzake hadi kifuani. Yule mwenzake alisema maneno ya mwisho ya kumpelekea mkewe, na baba hakuyapeleka. Angeanzaje kumtazama usoni yule mama, wakati yeye alikuwa ametoka mzima?

"Nikifa, tata, uyasome kaburini. Yule mama atakuja. Hapo nitakuwa nimeyafikisha."

Betri ilidumu dakika arobaini, kwa hiyo alisimulia haraka, kwa Ekegusii, lugha yetu, nami nikapiga chapa bila kutazama vidole. Katika darasa letu kule ng'ambo hakuna aliyenifikia kwa kasi, na siku ile nilikuwa katika ubora wangu. Alipomaliza, nilimwonyesha kurasa tatu zisizo na kosa. Alitabasamu, akagusa kioo kwa kidole chenye vumbi la mawe.

"Haitapotea?"

"Baba, hii ni salama kuliko benki."

Baada ya mwaka mmoja baba alifariki. Siku mbili kabla ya maziko, baba mdogo aliniletea ratiba ya maziko iliyochapwa mjini, pamoja na disketi iliyotumika kuichapa. Ratiba ilisema marehemu alikuwa na mwana "aliyesoma nje". Basi. Diploma haikutajwa.

"Waambie wale wachapaji wairekebishe," baba mdogo alisema. "Mimi nakwenda mjini sasa hivi, nitawabebea ujumbe."

"Wataharibu zaidi. Leta hapa."

Laptopu ambayo haikuwahi kushika mkono wa mtu, niliishikisha mimi. Niliandika diploma yangu kwa jina lake kamili, nikahifadhi. Betri ikaisha, mashine ikazimika, na disketi ikabaki ndani. Nilipoichomeka kwenye umeme kwa jirani na kuiwasha, ilianzia kwenye ile disketi, virusi vikaingia, na kila nilichokuwa nacho kikatoweka. Kioo kilibaki cheusi, na mstari mmoja mdogo ukipepesa pembeni.

Kesho yake niliiacha disketi kwa wachapaji, nikaenda kwa mzee wa Kihindi. Alihangaika mchana kutwa, hata chai yake ikapoa.

"Imekula yote, bwana. Nipe nakala, nitakuwekea upya."

Sina, nilimwambia. Hakunicheka. Alinirudishia laptopu kwa mikono miwili, kama mtu anayetoa pole.

Siku ya maziko, ratiba zilipendeza sana. Watu walisoma diploma yangu wakatikisa vichwa kwa heshima. Mjane wa yule mchimbaji alikuwa ametoka Masimba tangu alfajiri, amekaa mstari wa mbele na leso mpya kichwani. Baba alikuwa amemtumia habari alipokuwa mgonjwa: siku ya kuzikwa kwangu uje, kuna maneno yako.

Baba mdogo aliniita. Nilisimama nikatafuta kichwani zile kurasa tatu. Nilikumbuka mwendo wa vidole. Nilikumbuka kwamba kulikuwa na mti, mparachichi nadhani, na mtoto, na neno ambalo baba alilirudia mara mbili sauti ikimkauka. Nililipiga chapa mara mbili, bila kosa. Sikuwa nimelisikiliza.

Nilieleza habari za shimo, nikafika penye maneno ya mwisho, nikakwama. Yule mama aliinuka, akasogea hadi ukingoni mwa kaburi.

"Alisema nini, mwanangu?"

Watu walisogea karibu wanisikie.

"Alikusalimu, mama," nilisema.

Alishika leso yake kichwani.

"Hiyo tu?"

"Hiyo tu."

Aliinama, akachota udongo kiganjani, akautupa juu ya jeneza la baba, kisha akarudi kuketi. Leso alikuwa ameivua, anaikunja juu ya magoti, ndogo, ndogo zaidi.